Kampuni Bora Iliyopunjwa Bei: Ihoji Faida Kabla ya Kuitazama Bei

Ndugu wasikilizaji, mabibi na mabwana,

Hisa inayouzwa kwa 5 inaweza kuwa ghali, na inayouzwa kwa 5,000 ikawa rahisi. Bei ya hisa moja haisemi lolote mpaka ujue hisa ziko ngapi, kampuni inadaiwa kiasi gani, na kila mwaka inamwachia mwenye mali fedha kiasi gani baada ya kulipa kila kinachopaswa kulipwa. Anayesema "imeshuka mno, tununue" ametazama upande mmoja tu wa hesabu.

Kipimo kinachotajwa kuliko vyote ni uwiano wa bei kwa faida: unachukua bei ya hisa, unaigawa kwa faida ya kila hisa. Kina namba mbili. Bei haina siri, imebandikwa sokoni na kila mtu anaiona. Faida ndiyo yenye mambo. Imejaa makadirio ya wahasibu, na makadirio hayo hupitishwa na viongozi ambao mara nyingi hulipwa bonasi kwa faida hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye kutafuta kampuni bora iliyopunjwa bei atumie muda wake mwingi kuihoji faida. Je, ni ya kweli? Itarudi mwakani? Inamfikia mwenye hisa, au inazama tena ndani ya kampuni? Bei ije mwisho kabisa.

Tuchukue kampuni mbili za mfano, kwa sarafu yoyote ile, tuziite Kwanza na Pili. Kila moja ina hisa milioni 100. Kwanza inauzwa 50 kwa hisa, kwa hiyo soko linaithamini milioni 5,000. Faida yake baada ya kodi ni milioni 504. Uwiano ni 10 hivi. Pili inauzwa 80 kwa hisa, thamani yake sokoni ni milioni 8,000, faida milioni 500, uwiano 16. Programu ya kuchuja hisa kwa uwiano huo itakupandishia Kwanza juu ya orodha na kuiacha Pili chini. Sasa tufungue vitabu.

Kwanza ina mkopo wa milioni 1,500 kwa riba ya asilimia 12, na taslimu milioni 300. Anayenunua kampuni huinunua pamoja na madeni yake, kwa hiyo bei ya kampuni nzima si 5,000. Ongeza mkopo, toa taslimu, unapata milioni 6,200. Kisha nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Chukua faida ya 504, rudisha uchakavu wa 300 kwa kuwa hiyo ni gharama ya kwenye vitabu isiyotoa fedha mwaka huu; unafika 804. Lakini wadaiwa, yaani wateja waliochukua mali na hawajalipa, wameongezeka kwa 350. Mali iliyolala ghalani imeongezeka kwa 100. Wanaoidai kampuni wamevumilia kidogo, madeni yao yamepanda kwa 50, na hizo tunaziongeza. Fedha iliyoingia kweli kutokana na biashara ni milioni 404. Toa 380 zilizonunua na kukarabati mitambo. Zimebaki 24, ndizo tunazoziita fedha huru.

Faida 504, fedha huru 24! Kwa fedha iliyobaki mkononi, mnunuzi wa Kwanza analipa mara 208, wala si mara 10.

Mwaka mmoja hautoshi kuihukumu kampuni. Pengine imejenga kiwanda kitakachoilisha miaka 15. Ndiyo maana tunajumlisha miaka 5 mpaka 10: fedha zilizotoka kwenye shughuli za biashara tuzigawe kwa jumla ya faida baada ya kodi. Kwa kampuni yenye mitambo, jumla ya fedha inatakiwa iipite jumla ya faida, maana uchakavu umerudishwa. Ikiwa miaka 10 imepita na fedha haijafika hata asilimia 80 ya faida, na viongozi hawana maelezo yanayoeleweka, mimi huo kwangu ni mwisho wa safari. Kampuni ziko nyingi.

Turudi kwa wadaiwa wa Kwanza, kwa sababu hapa ndipo penye ugonjwa. Wapime kwa siku: wadaiwa gawanya kwa mauzo, zidisha kwa 365. Mwaka jana mauzo yalikuwa 3,700 na wadaiwa 650, yaani siku 64. Mwaka huu mauzo 4,000, wadaiwa 1,000, siku 91. Mauzo yamepanda asilimia 8, wadaiwa asilimia 54. Huenda wateja wanashindwa kulipa. Huenda kampuni imewasukumia wasambazaji mali mwishoni mwa mwaka ili mauzo yapendeze. Huenda imelegeza masharti ili isinyang'anywe wateja. Lolote kati ya hayo litaila faida ya miaka ijayo, na mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, imekwisha kulitangaza wakati taarifa ya faida bado inacheka. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mali iliyo ghalani, ukitumia gharama ya mali iliyouzwa badala ya mauzo.

Pili haina mkopo na ina taslimu milioni 1,000. Bei ya kampuni nzima ni 7,000. Katika faida yake ya 500, milioni 50 ni riba ya zile taslimu. Tuziweke kando, tusije tukahesabu taslimu mara mbili. Biashara yenyewe imeleta 450. Rudisha uchakavu wa 100, toa 40 zilizoingia kwenye mtaji wa kuendeshea shughuli, yaani wadaiwa na mali ya ghalani, toa 110 za vifaa: zinabaki 400. Mnunuzi analipa mara 17 na nusu ya fedha huru. Haijawa rahisi bado, lakini angalau kila alichoambiwa kipo.

Kipimo cha ubora ninachokiamini kuliko vingine ni faida ya uendeshaji, yaani faida kabla ya kuhesabu riba, baada ya kodi, kugawanya kwa mtaji uliomo ndani ya biashara. Mtaji huo ni fedha za wanahisa kujumlisha mikopo, ukatoa taslimu zisizo na kazi. Kwanza ina faida ya uendeshaji ya 900. Baada ya kodi ya asilimia 30 ni 630. Mtaji wake ni 5,700. Inazalisha asilimia 11. Pili inazalisha 450 kwa mtaji wa 1,800, asilimia 25.

Tofauti hiyo inaonekana kampuni inapotaka kukua. Tuseme kila moja inataka kupanua faida kwa asilimia 8 kwa mwaka, na mtaji mpya utazaa kama ule wa zamani. Gawanya 8 kwa 25: Pili inahitaji kurudisha ndani asilimia 32 ya faida, na 68 ni za mwenye mali, zilipe gawio au zinunue hisa zake yenyewe sokoni. Gawanya 8 kwa 11: Kwanza inameza asilimia 73 ya faida yake ili ikue kwa kasi ile ile. Ukuaji haufanani. Kampuni inayozaa chini ya kile ambacho wenye mtaji wangepata kwingine, kila inavyokua ndivyo inavyowapunja, hata kama jengo la makao makuu linazidi kurefuka.

Elimu hii haikuzaliwa mara moja. Benjamin Graham, aliyeanza kufundisha chuo kikuu cha Columbia mjini New York mwaka 1928, alikuwa mtu wa mizania. Alitafuta hisa zinazouzwa chini ya theluthi mbili ya mali za muda mfupi, yaani taslimu, wadaiwa na mali ya ghalani, baada ya kutoa madeni yote. Kwa mwekezaji wa kujihami aliweka mipaka: bei isizidi mara 15 ya faida ya wastani wa miaka 3, isizidi mara 1.5 ya thamani ya kitabuni, yaani mali zote ukitoa madeni yote, au ukizidisha namba hizo mbili zisipite 22.5, mali za muda mfupi ziwe mara mbili ya madeni ya muda mfupi, na pasiwe na mwaka wa hasara katika miaka 10. Ni kanuni za mtu aliyeuona msukosuko wa soko la hisa wa 1929, na bado zinamwokoa anayeanza. Ila zinapima kilichokwisha kujengwa, hazipimi kinachozaa.

Mwaka 1972 Warren Buffett, mwanafunzi wa Graham, pamoja na mshirika wake Charlie Munger, walinunua See's Candies, watengenezaji wa pipi na chokoleti wa California. Wauzaji walitaka dola milioni 30. Buffett hakutaka kupita 25, na 25 ndiyo iliyolipwa. Mtaji uliokuwa ukifanya kazi ndani ulikuwa milioni 8, faida kabla ya kodi haikufika milioni 5. Kwa mipaka ya kitabuni ni ghali: mara 3 ya mali. Lakini kampuni ingeweza kupandisha bei kila mwaka bila kuwapoteza wateja, na haikuhitaji mitambo mingi. Mpaka mwaka 2007 faida kabla ya kodi ilikuwa imefika milioni 82 kwa mtaji wa milioni 40. Kwa jumla ya miaka hiyo ilileta dola bilioni 1.35 kabla ya kodi, na fedha iliyorudishwa ndani kukuza biashara ilikuwa milioni 32 tu.

Buffett huyo huyo alinunua Dexter Shoe mwaka 1993 kwa dola milioni 433, akalipa kwa hisa za kampuni yake, Berkshire Hathaway. Rekodi ya kampuni ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kitu cha kuwazuia washindani: viatu kutoka nje vilitengenezwa kwa gharama ndogo zaidi, na katika miaka michache thamani yake ikayeyuka. Hisa alizotoa ziliendelea kupanda, kwa hiyo hasara nayo ikapanda pamoja nazo. Faida kubwa huwaita washindani kama asali inavyoita nzi. Swali la ubora, basi, ni hili: nini kinawazuia?

Majibu yanayofaa ni machache. Jina linalomfanya mteja alipe zaidi kwa bidhaa inayofanana na nyingine. Gharama ndogo inayotokana na ukubwa au mahali, ambayo mshindani hawezi kuiiga. Usumbufu wa kuhama, kama ule wa kampuni iliyokwisha kuweka hesabu zake zote ndani ya programu fulani. Mtandao unaozidi kuwa na faida kadiri watumiaji wanavyoongezeka. Leseni. Uongozi hodari si jibu, maana viongozi hustaafu. Na usitosheke na simulizi. Tafuta alama yake katika namba. Tazama faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya mali iliyouzwa, kama asilimia ya mauzo kwa miaka 10. Malighafi zilipopanda bei, asilimia hiyo iliporomoka na kubaki chini, au ilirudi ndani ya mwaka mmoja au miwili? Iliyorudi inaonyesha kampuni iliweza kumpelekea mteja ongezeko la gharama. Isiyorudi inaonyesha ililibeba yenyewe.

Sasa bei. Tuipime Pili. Tuchukue fedha huru ya 400, tudhani inakua asilimia 6 kwa mwaka kwa miaka 10, kisha asilimia 3 baada ya hapo, na tunadai mapato ya asilimia 10 kwa mwaka. Thamani ya leo ya fedha za miaka 10 ya kwanza, yaani kila moja ikigawanywa kwa 1.1 kwa kila mwaka wa kungoja, ni kama 3,280. Thamani ya leo ya zote zinazofuata ni kama 4,060. Jumla 7,340 hivi, ongeza taslimu 1,000, gawanya kwa hisa milioni 100: 83 kwa hisa. Bei ya sokoni ni 80. Kuna anayeona hapo nafasi ya kununua. Mimi sioni.

Badilisha dhana moja tu. Dai asilimia 12 badala ya 10, na thamani inashuka kutoka 83 hadi 66. Acha 10 ibaki, lakini ukuaji uwe asilimia 3 tangu mwaka wa kwanza: 69. Hatujakosea jambo kubwa, tumesogeza namba ambayo hakuna mwanadamu aijuaye kwa hakika, na moja ya tano ya thamani imeondoka. Halafu tazama: zaidi ya nusu ya thamani ya biashara inatoka kwenye miaka iliyo baada ya mwaka wa 10. Hii ndiyo sababu ya ukingo wa usalama, yaani kununua chini ya thamani uliyoikadiria. Kwa kampuni imara kama Pili ningetaka asilimia 30 chini ya makadirio, yaani bei ya 58. Kwa kampuni yenye mikopo au inayotegemea bidhaa moja, asilimia 40 hadi 50.

Ipo njia nyingine ya kuikagua bei, na kwa anayeogopa makadirio ni bora zaidi: igeuze hesabu. Badala ya kuuliza kampuni ina thamani gani, uliza bei ya sasa inaamini nini. Kwa bei ya kampuni nzima ya 7,000, fedha huru ya 400 na dai la asilimia 10, soko linaamini fedha hiyo itakua kwa asilimia 4 kila mwaka, milele. Je, historia ya mauzo inaunga mkono imani hiyo? Hapo unabishana na namba moja tu, tena inayoeleweka.

Kwa nini kampuni bora ipunjwe bei, wakati wanunuzi ni wengi na wana kompyuta? Kwa sababu kuna wauzaji wanaouza kwa shida zisizohusu biashara. Kampuni tanzu inapotengwa na mama yake, wengi waliopewa hisa zake hawakuziomba, wanaziuza bila kusoma. Kampuni inapotolewa kwenye faharasa, yaani orodha ya hisa inayopima soko, mifuko inayoifuata faharasa hulazimika kuuza. Kampuni ndogo hazina mchambuzi anayezifuatilia. Sehemu moja yenye hasara huficha sehemu mbili zenye faida nene, mpaka usome maelezo ya kila sehemu. Na kuna kashfa.

Kashfa zinahitaji utulivu. Mwaka 1963 kampuni tanzu ya maghala ya American Express ilikutwa imetoa stakabadhi za mafuta ya kula ambayo hayakuwepo. Matangi yalijaa maji, mafuta yakielea juu. Hisa ya mama ikaporomoka. Buffett alikwenda kutazama kwenye mikahawa na madukani kama watu wameacha kutumia kadi na hundi za wasafiri za kampuni hiyo. Hawakuacha. Akaweka humo sehemu kubwa ya mfuko aliouongoza. Hasara ilikuwa ya kulipwa mara moja, biashara haikuguswa. Kashfa yoyote ipimwe hivyo: kadiria gharama kubwa kabisa inayowezekana, itoe kwenye thamani, kisha uulize kama mteja anaendelea kurudi. Kashfa ya vitabu vyenyewe ni jambo jingine. Viongozi wakishakamatwa wamepika hesabu, huna tena namba ya kugawanya kwa kitu chochote. Ondoka.

Mitego iliyobaki nitaitaja kwa kifupi, isipokuwa ule wa msimu, kwa sababu huwakamata hata wazoefu. Kampuni za madini, saruji, chuma na usafirishaji wa meli huonekana rahisi zaidi mwaka ambao ni ghali zaidi. Kampuni yenye faida ya 10 kwa hisa kwenye mwaka wa neema, ikiuzwa 60, ina uwiano wa 6. Wastani wake wa miaka 10 ukiwa 3, uwiano wa kweli ni 20. Kwa kampuni za namna hii tumia wastani wa mzunguko mzima, panda na shuka zikiwamo, na madeni yapimwe kwa faida ya mwaka mbaya. Mtego mwingine ni hisa kuongezwa kimyakimya: faida ikipanda asilimia 30 wakati hisa zimetoka milioni 100 hadi 140, faida ya kila hisa imeshuka asilimia 7. Mwingine ni "gharama za mara moja" zinazojirudia kila mwaka; zikijirudia miaka mitatu, zihesabu kama mshahara. Na benki usizipime kwa hesabu hizi za fedha huru hata kidogo, kwa sababu amana za wateja ndizo malighafi zake. Huko tazama mikopo isiyolipika, utoshelevu wa mtaji, na faida kwa mtaji wa wanahisa ukiilinganisha na bei kwa thamani ya kitabuni.

Ripoti ya mwaka isomwe kutoka nyuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wa ripoti ni maelezo ya ziada ya hesabu. Anza na maoni ya mkaguzi: ni safi au yana masharti, na mkaguzi amebadilishwa mara ngapi. Kisha miamala na watu wa karibu: kampuni inapanga jengo la nani, inamkopesha nani. Kisha tarehe za kulipa mikopo, kwa sababu kampuni nzuri yenye mkopo mkubwa unaoiva mwakani inaweza kulazimika kuuza hisa mpya kwa bei ya kutupa. Kisha kesi mahakamani. Barua ya mwenyekiti, yenye picha nzuri, isomwe mwisho, na pamoja nayo usome barua ya miaka mitatu nyuma, ulinganishe ahadi na kilichotokea.

Ukinunua, nunua kwa mafungu matatu, maana hakuna ajuaye chini ni wapi. Kampuni 10 hadi 15 zinatosha. Zaidi ya hapo hutasoma ripoti zote. Hisa ambayo wanunuzi wanatoa 47 na wauzaji wanataka 50 inakugharimu asilimia 6 kwa kuingia na kutoka tu, kwa hiyo ukingo wako uanzie baada ya hapo.

Kuuza kuna sababu tatu: bei imeipita thamani kwa kiasi cha wazi, umegundua ulikosea, au umepata kampuni bora zaidi kwa bei nafuu zaidi. Bei kushuka peke yake haimo. Tuseme ulinunua Pili kwa 58 na leo iko 45. Chukua ripoti mpya, piga upya hesabu ya wadaiwa, faida ghafi, fedha huru na mtaji. Zikitoa tena thamani iliyo karibu na 83, ongeza fungu lililobaki. Ukikuta wadaiwa wake nao wamefika siku 91, usiongeze hata hisa moja mpaka ujue ni nani ambao hawajalipa, na kwa nini.

Asanteni sana.